Mchezo wa Kutibiana

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Ukunda, kioo chake kilikuwa kimepasuka. Kibanda cha fundi ni chembamba, kimejaa redio mbovu, feni zisizo na mapanga na waya zilizosokotana kama tambi. Nikiwa nimesimama ninamngoja, nikaona kwenye rafu ya chini mashine bapa ya rangi ya kijivu, kifuniko chake cha mviringo kimeng'oka upande mmoja. Vumbi lilikuwa limeilalia. Nikainama nikaigusa. Fundi akaniambia, "Hiyo haifanyi kazi, mama, nimeiweka kwa ajili ya vyuma vyake tu." Nikamwambia ninajua. Hata hivyo sikuuondoa mkono wangu, na kwa kitambo kidogo kelele za pikipiki za barabarani zilinipotea masikioni.

Huenda wewe pia uliijua mashine ya namna ile, ya kuchezea michezo kwenye televisheni, kwenu au kwa jirani, maana mwishoni mwa miaka ya tisini zilianza kuonekana hata huku kwetu kusini. Ile yetu ya Mwabungo ilikuja kwa njia yake, ikaja na mambo yake, na mambo hayo sijawahi kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho. Kaa basi nikueleze.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Niliishi na bibi, mama yake mama yangu, katika nyumba ya mawe na chokaa iliyoezekwa makuti, ndani kidogo kutoka ufuo wa Galu. Baba yangu sikumjua. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli, akilala huko huko kwenye nyumba za wafanyakazi, na kwetu alikuja siku yake ya mapumziko akinukia sabuni na pasi ya moto. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na bibi, na ninakiri kwamba niliona ulimwengu umepangwa vizuri sana.

Bibi alishona makuti. Kila asubuhi baada ya chai aliketi barazani amekunja miguu, rundo la majani ya mnazi kushoto kwake na fito kulia, akikunja jani juu ya ufito na kulifunga kwa kamba ya ukindu, jani baada ya jani, bila kutazama mikono yake. Majani mabichi yalinuka kama tango lililokatwa. Mbega walikuja juu ya mkorosho wetu wakarusha maganda chini, na bibi aliwaambia, "Haya, mmeshakula, sasa nendeni," kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa watoto wa jirani. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kisimani, kukuna nazi, na kuloweka kamba za ukindu. Malipo yangu yalikuwa ukoko. Bibi alipopika wali wa nazi, ule ukoko wa chini, mwekundu, uliokauka na kushika mafuta ya nazi, alinikwangulia mimi peke yangu kwa upawa. Niliula nikiwa nimesimama mlangoni, ukiwa bado unaunguza vidole.

Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa na mlango wake wenyewe, na hicho bibi alikipangisha. Mpangaji mmoja wa zamani ndiye aliyevuta umeme mpaka pale, akahama akatuachia. Baada yake akaja mwalimu.

Mwalimu alikuwa Mjapani, kijana wa miaka kama ishirini na sita, aliyeletwa kufundisha hesabu katika shule ya upili ya wavulana. Siku ya kwanza alisimama mbele ya baraza, akavua viatu, akavipanga pamoja vikitazama nje, akainama mpaka nikaogopa ataanguka, akasema, "Shikamoo, bibi. Mimi ni mpangaji mpya. Ninaomba radhi kwa kukusumbua." Bibi aliitikia marahaba, akamtazama, akavitazama vile viatu. Alipoingia ndani bibi akaniambia, "Huyu amelelewa." Kwa bibi hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo, na tangu siku hiyo mwalimu alipata sahani yake ya chakula kila Ijumaa.

Kiswahili chake alikuwa amejifunza kitabuni. Alitamka kila neno mpaka mwisho wake, kama mtu anayekunja nguo, na kila jioni aliketi na kamusi ambayo kingo zake zilikuwa zimeliwa na mende. Mambo yaliyompendeza katika lugha yetu yalikuwa ya ajabu. Alikuja barazani siku moja amefurahi sana kwa sababu amegundua kwamba kutoka neno penda unapata pendana, na kutoka saidia, saidiana. "Herufi chache tu," alimwambia bibi, "na watu wawili wameingia ndani ya neno moja." Bibi akamwambia, "Ndivyo tusemavyo, mwanangu," akaendelea kushona.

Mwaka huo mama aliolewa. Mume wake alikuwa mtu wa Kinango, mpole, mfugaji wa mbuzi, aliyefiwa na mke wa kwanza. Sikuwa na neno naye. Lakini alikuwa na binti wa rika langu, na ilikubaliwa kati ya wakubwa kwamba binti huyo aje akae kwa bibi asome shule ya kwetu, kwa kuwa Kinango ukame ulikuwa umezidi na watoto walishinda njiani kutafuta maji badala ya kuwa darasani. Mimi sikuulizwa. Nilirudi madrasa jioni moja nikakuta kwenye kitanda changu cha kamba mto wa pili.

Alikuwa mwembamba kuliko mimi, na hakusema. Ukimuuliza jambo alijibu neno moja kwa lafudhi yake ya Kiduruma, kisha akanyamaza. Alitumia vitu kana kwamba vinaweza kumvunjikia mkononi. Alipokwenda kuoga alichukua kata mbili za maji, mbili tu, na alirudi mkavu nusu. Nilimcheka. Niliwaambia wasichana wa shule kwamba kwetu kuna mtu anayeoga kwa mate kama paka, na wao wakacheka, na yeye alikuwa nyuma yetu akisikia.

Kilichonikera zaidi ni kwamba alijua kazi. Kwa wiki moja tu aliweza kushona kuti lililonyooka, mimi ambaye nilizaliwa juu ya makuti nilikuwa bado napindisha. Bibi alimsifu. Halafu Ijumaa moja, wali ulipoiva, bibi akakwangua ukoko, akaukata katikati kwa upawa, nusu akanipa mimi, nusu akampa yeye. Nilikula nusu yangu bila kuionja.

Mashine ilifika katikati ya mambo hayo. Nduguye mwalimu aliituma kutoka Japani ndani ya sanduku lililojazwa magazeti yaliyokunjwa, pamoja na santuri moja ya mchezo. Televisheni mwalimu aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama. Alitualika sote chumbani kwake siku ya Jumamosi baada ya alasiri, akatuomba tuvue viatu ingawa hatukuwa tumevaa, akaiwasha.

Wewe jaribu kufikiri. Tulikuwa tumeona televisheni, ndiyo, habari na mpira. Lakini hatukuwa tumewahi kuona picha inayokungojea. Kulikuwa na nchi ya milima ya zambarau, na muziki wa filimbi uliokuwa ukienda taratibu, na watu wawili wamesimama njia panda: mwanamke mwenye mkuki na mzee mwenye kengele. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kama nyayo za kuku kwenye mchanga. Mwalimu alituambia mchezo huu huchezwa na watu wawili wanaosafiri pamoja. Alinipa mimi rimoti moja yenye waya, akampa yule binti ya pili. Mimi nikawa mwanamke wa mkuki, yeye akawa mzee wa kengele.

Kila mmoja alikuwa na mstari wa kijani juu ya kichwa chake, huo ndio uhai wake. Wanyama wa porini walipotupiga, mstari ulipungua. Nilipiga kila kitu kilichosogea, na kwa muda mfupi mstari wangu ulikuwa umebaki kama ukucha.

"Sasa mnahitaji dawa," mwalimu akasema. "Lakini katika mchezo huu dawa hainunuliwi. Mnasogea karibu. Mnapiga magoti. Mnabonyeza kitufe hiki, wote wawili, kwa pamoja, na hamwachii mpaka duara la mwanga lifungike. Kila mmoja anampa mwenzake uhai wake kidogo, na mchezo unawaongezea wote wawili."

"Na mmoja akiachia kabla?" niliuliza.

"Aliyeshikilia ameshatoa chake, na hakurudishiwa kitu. Anaweza kuanguka." Kisha akakunja uso, akavuta kamusi. "Jina la dawa hii kwetu ni refu. Ngojeni. Kutibu. Wewe unamtibu yeye, na yeye anakutibu wewe, wakati mmoja. Kwa hiyo ni..."

"Tibiana," alisema yule binti.

Mwalimu alimtazama, akaandika neno hilo kwa penseli pembeni mwa kamusi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kuulizwa.

Tulipewa saa moja kila Jumamosi na saa moja kila Jumapili, masomo yakiwa yamekamilika na maji yametekwa. Mwanzoni tulikufa sana. Nilibonyeza mapema, yeye alibonyeza kwa kuchelewa, na mwalimu aliketi nyuma yetu akihesabu moja, mbili, sasa. Baadaye hatukuhitaji kuhesabiwa. Nilijifunza kumsikia akivuta pumzi kabla ya kubonyeza, nami nikavuta yangu. Tulikuwa hatuzungumzi tukiteka maji, hatuzungumzi tukienda shule, tulilala tumepeana migongo. Lakini mbele ya televisheni ile, magoti yetu yakigusana, vidole vyetu vilikuwa vikishuka kwa pamoja na kupanda kwa pamoja, na duara la mwanga likifungika nilihisi raha ambayo sikutaka kuikubali.

Bibi hakuingia ndani. Alileta kazi yake mlangoni, akashona huku akitazama kwa jicho moja. Mstari ukipungua alisema, "Huyo mzee hali yake si nzuri, mtazameni." Tukimtibu alisema, "Alhamdulillahi," kana kwamba ni mtu wa mtaa wa pili.

Kisha mama akaja siku yake ya mapumziko, na alikuwa na mfuko. Nilimkimbilia. Aliniweka kando kwa upole, akamwita yule binti kwanza, akamshika kichwa, akamuuliza habari za shule, akatoa ndani ya mfuko jozi ya kandambili mpya za ngozi, nyekundu, zenye kifungo. Mimi nilipewa daftari mbili. Siku hizi ninaelewa. Yule mtoto alikuja kwetu na viatu vilivyokatika, na mama alikuwa akijaribu kuwa mama wa mtoto ambaye hakumzaa, jambo gumu mno. Lakini siku hiyo niliona tu kwamba mkono wa mama yangu ulikuwa kwenye kichwa cha mtu mwingine, na kandambili zile zilikuwa za saizi ya mguu wangu pia.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumefika mahali pagumu katika mchezo, pango lenye nyoka mweupe mkubwa, na kazi yetu ya wiki tatu ilikuwa haijahifadhiwa, kwa sababu kisima cha bluu ambamo mchezo hutunzwa kilikuwa ng'ambo ya nyoka huyo. Tulimpiga, akatupiga. Mistari yetu yote miwili ilikuwa imebaki myembamba. Tukasogea karibu, tukapiga magoti. Nikamsikia akivuta pumzi. Tukabonyeza. Duara likaanza kuzunguka, likafika nusu, likafika robo tatu.

Nikaachia.

Mzee wa kengele alilala chini polepole, kengele yake ikabingiria. Muziki ukakatika. Yule binti hakutazama televisheni, alitazama mkono wangu.

"Umeachia," akasema.

"Kidole kimeteleza."

"Hapana. Umeachia."

Mwalimu aliinuka akaizima mashine. Tulipotoka nje barazani nilijua nimekosa, na kwa kuwa nilijua, nikazidisha. Nilimwambia, kwa sauti ndogo ili bibi asisikie, "Hapa si kwenu. Hakuna anayekutaka hapa. Rudi Kinango ukagombanie maji na ng'ombe."

Alikwenda kuanua nguo.

Asubuhi nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa. Nilidhani yuko kisimani. Nilitoka nje nikakuta ndoo mbili mlangoni, zimejaa, zimefunikwa sinia. Mfuko wake wa shule haukuwepo msumarini. Niliporudi chumbani ndipo nilipoona zile kandambili nyekundu. Zilikuwa juu ya mto wangu, zimepangwa pamoja.

Nikaenda kwa bibi nikamwambia yote. Nilimweleza habari za kidole, habari za maneno niliyosema, hata ile ya kuoga kama paka. Nilitarajia atanipiga. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaliweka kuti alilokuwa nalo mkononi, akajifunga leso ya pili. Aliniambia, "Mimi miguu yangu haifiki. Mwite mwalimu."

Mwalimu alikuwa na baiskeli ya shule. Alinipakia nyuma, akatuma mtoto wa jirani shuleni kuomba ruhusa, tukaondoka. Mpaka Ukunda tuliuliza kila duka. Mwuza mahamri pale stendi alisema amemwona msichana mwembamba, pekupeku, akiuliza njia ya Kombani, maana pale Kombani ndipo unapoiacha barabara kuu kupanda Kwale na kisha Kinango. Alikuwa amekusudia kwenda kwa miguu hadi kwao. Sijui kama unaijua safari hiyo. Hata mtu mzima mwenye viatu angeifikiria mara mbili.

Jua lilikuwa limepanda. Lami ilianza kunata kwenye magurudumu, na mwalimu alipanda vilima akiwa amesimama juu ya pedali, shati limemgandia mgongoni. Alisema mara moja tu, bila kugeuka, "Ukimwona, utasema nini?" Nilimjibu sijui. Akasema, "Una muda wa kufikiri. Mimi ninaendesha polepole." Hakuwa akiendesha polepole.

Tulimkuta tumeshapita njia ya Tiwi. Alikuwa ameketi kando ya barabara karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha, miguu ameinyoosha mbele yake. Nyayo zake zilikuwa zimetoka malengelenge, moja limepasuka. Yule mama alitutazama kwa ukali, akauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" na mwalimu akainama akamwamkia, akaanza kumweleza taratibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akanipa nafasi.

Niliketi chini, karibu naye, si karibu sana. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yalikuwa yamekwisha.

"Niliachia makusudi," nikasema.

"Ninajua."

"Twende nyumbani."

"Bibi ndiye aliyekutuma unifukuze?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilishtuka. "Bibi hakujua kitu. Ni mimi tu. Bibi amejifunga leso mbili, amesimama njiani anakungoja."

Alitazama nyayo zake. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa pamoja. "Baba aliniambia nisitumie sana vitu vya watu. Alisema, ukila sana, ukioga sana, watachoka na wewe watakurudisha, na huku hakuna maji, hakuna shule. Kwa hiyo nilitumia kidogo. Halafu wewe ukasema hakuna anayenitaka, nikaona basi, nilitumia sana bila kujua."

Kata mbili. Nilikumbuka vile wasichana wa shule walivyocheka, na nikalia. Yeye hakulia. Alinipa nusu ya hindi alilokuwa amepewa na yule mama. Nikalila.

Mwalimu alimpakia nyuma ya baiskeli, akaisukuma, mimi nikatembea pembeni. Nilivua viatu vyangu vya shule nikamvalisha, ingawa alikuwa juu ya baiskeli na hakuvihitaji. Karibu na Ukunda aliniuliza kama mzee wa kengele amekufa kabisa. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu kwamba hapana, amerudi njia panda, wiki tatu nyuma, anangoja.

Bibi hakututolea hotuba. Alimketisha barazani, akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapaka mafuta ya nazi, akafunga kwa kitambaa. Kisha akanigeukia. "Wewe kuanzia leo ndiwe utakayemtekea maji ya kuoga. Ndoo nzima, kila jioni, mwezi mzima. Na wewe," akamwambia yule mwingine, "nisione hata tone limebaki. Maji ya kisima hiki ni ya wajukuu wangu, na mimi nimeshawahesabu, ni wawili."

Nilimtekea. Jioni ya kwanza alikaa bafuni muda mrefu mpaka bibi akacheka. Nilikuwa nje ya ua wa makuti, nikasikia maji yakimwagika, yakimwagika, na ndani yake sauti ndogo ya mtu anayeimba kitu cha kwao.

Tulirudi njia panda. Mara hii hatukupigana na kila mnyama, tulikuwa na tahadhari, na usiku kitandani tulikuwa tunanong'onezana mipango. Tulipofika tena kwa nyoka mweupe ilikuwa karibu shule zifungwe. Bibi alikuwa mlangoni na kuti mapajani, ameacha kushona. Tulipiga magoti mara nyingi mno siku hiyo, sikuhesabu, na nyoka alipoanguka mwalimu alipiga makofi kama mtoto. Tukaingia kisima cha bluu, tukahifadhi. Ndipo ikafunguka mbele yetu nchi nyingine, ya barafu, pana kuliko ile ya kwanza, na mwalimu akatuambia kwa haya kidogo kwamba pale ndipo nusu ya kwanza ya mchezo inapoishia.

Nusu ya pili hatukuimaliza. Muda wake ulikwisha, akarudi kwao. Siku ya kuondoka alimpa bibi kamusi yake, bibi asiyesoma, na bibi akaipokea kwa mikono miwili. Sisi alituachia mashine na televisheni. Kwa miezi michache tulitangatanga kwenye nchi ya barafu bila mtu wa kutusomea maandishi, tukipotea, tukitibiana, tukipotea tena. Hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma na vyuma. Siku moja santuri ilizunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Barua mbili zilikuja kutoka kwa mwalimu, kisha hazikuja tena. Sijui aliko. Ninamwombea heri.

Ukienda Mwabungo leo hutaiona ile nyumba. Mashamba yamekatwa viwanja, kuta ndefu zimepanda, mkorosho uling'olewa kupisha lango. Nyumba nyingi zinaezekwa kwa mabati ya rangi, na watu wanaoweza kushona kuti lililonyooka unawahesabu kwa vidole. Harufu ile ya majani mabichi asubuhi nimekwenda nikiitafuta, sikuipata. Watoto ninaowaona wana michezo mizuri kuliko wetu, kila mmoja na simu yake. Siwasemi vibaya, ila magoti yao hayagusani.

Dada yangu alimaliza shule, akarudi Kinango, akaolewa, na sasa ana duka la chakula cha mifugo. Tunapigiana simu, tunagombana kuhusu watoto wetu, tunapatana. Neno la kuombana msamaha halijawahi kupita kati yetu tangu ile siku ya Tiwi, na sidhani kama litapita.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita, asubuhi, katika usingizi. Dada yangu aliingia kabla ya adhuhuri, vumbi la Kinango bado liko kwenye baibui lake. Wanawake walioitwa kumwosha marehemu walikuwa wamejiandaa chumbani, na mkubwa wao, mgeni wa mtaa ule asiyetujua, alichungulia akauliza watu waliojaa uani, "Mjukuu wake wa damu ni yupi? Aje ashike kichwa."

Watu wakanitazama mimi. Nikamshika dada yangu mkono, nikamtanguliza.

"Ni huyu," nikasema. "Mimi nitashika miguu."

Yule mama akasogea kando, akatupisha.